Vigelegele kwenye Kichochoro cha Bi Noi

Nilisema, "Sawa, toeni kama tunavyotoa kwetu."

Ni maneno matano. Niliyasema nikiwa nachovya wali kwenye mchuzi, nina njaa, nataka mjadala uishe. Kama yupo kijana kati yenu anayetaka kuongoza wasafiri, na nasikia siku hizi mko wengi hapa Sydney, kila mmoja na kundi lake la WhatsApp, basi aanzie hapo. Mwongozaji mwenye njaa asiamue jambo lolote. Ale kwanza, kisha akatae.

Nitayarudia maneno hayo. Kwanza mjue anayewaandikia ni nani, maana watoto wetu mnatuona wazee wote wa mtaa huu wa Auburn kama mtu mmoja mwenye koti moja.

Mimi ni mtu wa Dodoma. Kwetu mto ni mchanga mrefu wenye daraja juu yake. Nilimaliza kidato cha nne, nikafika Australia kwa njia ndefu isiyohusiana na habari hii, na kati ya kazi zote za duniani nikapata kazi ya kuwapeleka watu kutazama maji. Niliifanya mpaka magoti yakakataa. Maji yenyewe ni mto Mekong, nchi ni Laos, na miji niliyowapeleka ni ile midogo ya ukingoni, ambako habari kubwa ya siku ni kwamba mvua imeacha kunyesha. Mmoja kati ya miji hiyo sitautaja jina. Mtaelewa sababu, na mkishaelewa, nawaomba msiutafute.

Aliyenifundisha kazi aliitwa Khamla. Alikuwa na ofisi ya usafiri Cabramatta, mtaa mwingine wa Sydney, ghorofani, juu ya duka la vitambaa, ngazi zake zikinuka supu ya tambi kutoka kwa jirani. Alizaliwa katika mji huo nisioutaja, akauacha akiwa kijana wakati nchi yao ilipochafuka, akavuka mto na nguo alizovaa, na baada ya miaka ya kambi akaletwa huku. Siku ya kwanza nilipanda ngazi zile kununua tiketi ya kwenda nyumbani. Nikamkuta amelala kwenye kiti, saa saba mchana, na mlangoni pameandikwa kwamba ofisi iko wazi. Nikakaa. Alipoamka akaniuliza nimesubiri muda gani.

"Saa nzima, labda na zaidi," nikamwambia.

"Mbona hukuniamsha?"

"Ndege yenyewe ni ya mwezi ujao."

Akanitazama kama fundi anavyotazama mbao. Niliporudi kutoka Dodoma alinipa kazi. Alisema mtu anayeweza kukaa saa nzima bila kugusagusa kitu ndiye anayefaa kuwapeleka watu kwao Laos. Kiingereza chake kilikuwa cha kuokoteza, na changu vilevile, lakini tulielewana. Kwao, kama kwetu, hakuna kuitana majina matupu. Yeye aliniita mdogo wangu, mimi nikamwita kaka. Hapa mjini sikuwa na ndugu mwingine yeyote, kwa hiyo neno hilo sikulichukulia kama mapambo.

Sasa, kazi.

Safari yangu ya kwanza ya peke yangu ilikuwa ya wauguzi wa Kikenya kumi na wanne. Kiongozi wao aliitwa Sista Njeri, mkuu wa zamu katika nyumba moja ya kutunzia wazee kule Bankstown, mwanamke mwenye mwendo wa haraka na moyo mpana. Nilimpelekea programu ya siku saba. Akaipokea kama anavyopokea cheti cha mgonjwa.

"Mzee, hii programu yako iko na shimo," akasema. "Saa saba mpaka saa kumi hakuna kitu. Kila siku."

"Ni kupumzika, Sista."

"Kupumzika kwa nini? Kwani tumechoka?"

"Mmefanya zamu mbilimbili mwaka mzima."

"Ndio maana hatujui kupumzika. Wacha kutujaribu. Weka kitu hapo."

Nikaweka. Nikaweka maporomoko, pango, soko, hekalu, kiwanda cha karatasi, hekalu lingine, na machweo. Hata jua kuzama nililiandikia saa ya kuanza na ya kumaliza, kama rosta ya wodi. Siku ya nne mama mmoja akanivuta pembeni, akaniuliza kwa upole, "Mzee, hili hekalu si ndilo la jana?" Nikamwambia hapana, hili ni jingine kabisa, tazama paa lake. Baadaye nilipokagua picha niligundua lilikuwa lilelile. Dereva naye alikuwa amechoka, akaenda gari lilikozoea.

Niliporudi, Khamla aliichukua ile programu, akafuta kila mstari wa pili kwa wino mwekundu. Akaisoma tena. Akafuta nusu ya mistari iliyobaki.

"Kaka, sasa watafanya nini?" nikauliza.

"Watalalamika siku mbili. Siku ya tatu utawakuta wamevua viatu, wanatazama maji, na hakuna anayekuuliza saa."

Alisema kweli. Kwa hiyo la kwanza ni hilo: mji wa mtoni hauna orodha. Ukimaliza kuuona kabla ya chakula cha mchana, wewe ndiye uliyekosea, rudi ukae. Boti za polepole zina viti vya mbao, nunua mto wa kukalia sokoni kabla ya kupanda, usingoje mgongo ukukumbushe. Ukiuliza boti inaondoka saa ngapi utatajiwa saa; usije ukaikasirikia saa hiyo, wamekutajia kwa adabu tu kwa kuwa umeuliza. Wakati wa kiangazi mto hupungua, na kingo zote hugeuka bustani za mboga, kabeji na vitunguu mpaka karibu na maji. Watalii wengi hulalamika kwamba mto umekauka. Mtu wa Dodoma halalamiki. Nilisimama pale siku ya kwanza nikajisemea kwamba huku hata mto uliopungua ni mto.

Kanga ni jambo la pili. Dada zetu, chukueni kanga mbili kila mmoja, moja ya mabega na moja ya miguu, hekaluni hakuna atakayewazuia. Viatu nje. Ukikaa, nyayo zako zisielekee sanamu ya Budha wala mtu. Zikunje pembeni, kama mlivyofundishwa kukaa mbele ya wakwe. Kichwa cha mtoto usikipapase, hata akiwa mzuri namna gani. Na wali wao wa kunata huliwa kwa mkono, unaufinyanga tonge, unachovya. Hapo ndipo sisi tunapowapita Wazungu wote. Sista Njeri alipoonyeshwa mara ya kwanza aliinua mikono juu akasema, "Aki hawa ni watu wetu! Kumbe hii ni ugali ya mchele!" Akala mpaka mpishi akaja kumtazama.

Halafu kuna habari ya Baba Nestor. Huyu alikuwa Mrundi, fundi seremala, aliyekaa kambini Kigoma kabla ya kuletwa Sydney. Safari moja alinipotea. Nilimtafuta tangu asubuhi, jasho linanitoka, nikiwaza nitamwambia nini mkewe. Jioni nikamkuta chini ukingoni, amekaa na wajenzi wa boti, ana randa mkononi, ubao mrefu umelala mapajani kwake. Hakujua neno la Kilao na wao hawakujua neno la Kirundi.

"Baba Nestor, nimekutafuta siku nzima!"

"Muzee, mimi nilikuwa hapa tu. Huyu hapa alikuwa anaranda vibaya, nikamusaidia."

"Hukuchoka kukaa?"

Akacheka. "Kambini nilikaa miaka mingapi? Kukaa, muzee, hiyo ndiyo shule nilimaliza."

Nawaambia habari yake kwa kuwa mtamwona tena.

Sasa niwaeleze kichochoro. Katika mji ule dada mkubwa wa Khamla alikuwa na nyumba ya wageni, vyumba vinane, sakafu za mbao, mlango wake ukitazama kichochoro kinachoshuka kutoka hekaluni hadi mtoni. Watu wote walimwita Bi Noi, au niseme walimwita kwa lugha yao jina lenye heshima hiyohiyo. Kila siku kunapoanza kupambazuka, watawa wa Kibudha hushuka kwa mstari, miguu mitupu, mkubwa mbele, wamebeba mabakuli yenye vifuniko. Watu wa mtaa hukaa chini mbele ya milango yao na vikapu vya wali wa moto. Mtawa anapita, unamtilia tonge bakulini, haneni, huneni, anapita mwingine. Hakuna anayeshukuru, kwa kuwa anayenufaika ni anayetoa. Chakula hicho ndicho mlo wa siku wa watawa.

Bi Noi alianza kutoa tangu alipoweza kubeba kikapu, na kabla yake alitoa mama yake, mlango huohuo. Miaka ya njaa alitoa muhogo. Kila tonge lina mtu wake anayeombewa: mama, baba, mumewe, mtoto aliyemzika. Na moja lilikuwa la Khamla.

"Kila asubuhi dada yangu ananitaja kimoyomoyo pale mlangoni," aliniambia siku moja tukiwa kwenye ngazi za ofisi, anakula chungwa. "Mimi si mtu wa dini sana. Lakini tangu nimeondoka hajakosa hata siku moja. Nikiendesha gari kwenye barabara kuu hapa Sydney namkumbuka."

Na kwa sababu hiyo, kwa kila mwongozaji aliyemwajiri, alikuwa na sheria moja isiyo na msamaha. Alinisomesha mpaka nikaikariri. Anayetaka kutoa, akae chini, avue viatu, anyamaze. Asiyetaka kutoa, akae ng'ambo ya njia, anyamaze. Asiyeweza kunyamaza, abaki kitandani, kitanda tumeshakilipia.

Ni sheria rahisi. Mtoto anaweza kuishika. Niliishika miaka mingi.

Kisha Sista Njeri akarudi, safari hii na kanisa lake: watu ishirini na wawili, wote na sare ya kitenge cha buluu na njano iliyoshonwa hapa Auburn, na Baba Nestor akiwa mmoja wao maana mkewe aliimba kwaya. Tulifika mji ule jioni. Tukala chakula kwenye baraza ya Bi Noi, mto chini yetu. Nikawaeleza habari ya asubuhi, na sheria.

"Ngoja kwanza," akasema Sista Njeri. "Tupige magoti?"

"Mnakaa tu chini, Sista. Kwenye mkeka."

"Mbele ya mtu amevaa shuka ya manjano? Mzee, magoti yangu iko na mwenyewe."

"Basi mtakaa ng'ambo, mtatazama. Si kosa."

"Tutazame watu wakitoa sadaka na sisi tumeshika mikono?" Akawageukia wenzake. "Nyinyi semeni. Kanisani mtu akitoa na wewe umekaa tu, unaonekana aje?"

"Mkono gamu," akadakia mwingine, yaani bahili, wakacheka.

"Sisi tutatoa," akasema Sista Njeri. "Lakini tutatoa tumesimama, tukimtolea Mungu wetu. Hao watatupokelea tu. Na tutatoa na furaha, si kama watu wako matanga. Kwani Mungu ni wa kununiwa?"

Baba Nestor aliweka tonge chini. "Lakini mama, kama wenyewe wananyamaza, sisi tupige kelele kwa sababu gani?"

"Baba Nestor, wewe unapenda kunyamaza hata kwa harusi."

Wakacheka tena. Nami jibu nilikuwa nalo, lipo mdomoni, la Khamla mwenyewe, na kitanda ndani yake. Lakini Sista Njeri ndiye aliyewakusanya wale ishirini na wawili. Neno lake moja kwenye kundi la kanisa lingejaza safari ijayo au lingeiua, na nilikuwa nimeanza kupenda kusikia watu wakisema huyu mzee hana shida, huyu anatuelewa. Bi Noi alikuwa anazunguka na sahani. Aliona tunabishana. Akanitazama, akainua nyusi, kuniuliza kama kila kitu ni sawa. Nikamwonyesha dole gumba. Kisha nikawageukia wateja wangu na kusema maneno yangu matano.

Asubuhi ilikuwa na ukungu. Harufu ya wali wa mvuke ilikuwa imejaa kichochoro kizima. Bi Noi alikuwa kwenye mkeka wake, shali begani, kikapu mapajani. Kando yake alikaa Baba Nestor, viatu amevipanga nyuma yake, macho chini. Watawa wakajitokeza juu ya njia, mstari mrefu, bila sauti hata ya mguu.

Na kwenye lango la nyumba ya wageni kikaanza kigelegele.

Mnajua nyote jinsi sadaka inavyopelekwa makanisani kwetu. Hatua mbili mbele, moja nyuma, vikapu juu ya vichwa, wimbo, vitambaa vinapepea, na anayetoa kwa aibu hupelekwa mbele kwa kusukumwa. Ni kitu kizuri. Nimekiona tangu utoto na bado hunitoa machozi. Walitoka hivyo, ishirini na mmoja, sare zinang'aa, wamebeba biskuti, maboksi ya juisi, chokoleti, na miswaki, kwa kuwa wauguzi ni wauguzi. Mimi nilikuwa pembeni na ninakiri kwamba kwa muda wa kupumua mara tatu au nne nilijisikia fahari.

Mtawa mkubwa alisimama. Sikuwahi kuona mstari ule ukisimama. Sista Njeri akamfikia akicheza, akaweka chokoleti bakulini, kisha akafanya jambo ambalo mama yeyote aliyelelewa vizuri kwao angemfanyia mzee wa kanisa: akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akainama.

Mtawa hashikwi na mwanamke. Hilo sikuwaambia. Lilikuwa kwenye sehemu ya maelezo niliyoiruka ili tule.

Akarudi nyuma kwa kushtuka, na kifuniko cha bakuli kikamponyoka. Kikaanguka kwenye mawe, kikaviringika chini ya kichochoro kwa mlio mrefu, kikipita mlango mmoja baada ya mwingine, mpaka wimbo ukakatika na kubaki mlio ule peke yake. Kisha mtawa akageuka. Wote nyuma yake wakageuka. Wakapanda walikotoka, wakaingia njia nyingine.

Bi Noi alikuwa ameinua mkono, tonge liko kwenye vidole. Hakuna aliyelipokea. Baba Nestor akainuka, akaenda kukiokota kile kifuniko, akakiweka kwenye mkeka mbele yake, akaketi tena.

Sista Njeri alilia siku ile yote. Ni mwanamke mwema, na sitaki mtu asome hapa akadhani namtupia lawama. Jioni alinifuata ukingoni.

"Mzee, si ungetuambia tu hapana?"

"Mlikuwa mnataka sana."

"Mimi ni mtu wa kusukuma. Hata kazini nasukuma. Yule wa kukataa ulikuwa ni wewe."

Katika miaka yangu yote ya kazi hakuna aliyenieleza kazi yangu kwa ufasaha kuliko huo.

Mngedhani yaliishia pale. Bi Noi alikwenda hekaluni mwenyewe kuomba radhi kwa niaba yetu, na siku mbili baadaye watawa walishuka tena kichochoroni. Lakini mmoja wa kundi alikuwa amerekodi. Video ilikatwa kabla ya kifuniko kuanguka, kwa hiyo kilichobaki kilikuwa vitenge, ukungu, manjano na vigelegele, kitu cha kupendeza mno. Ilizunguka. Kutoka simu za Auburn ikaenda Nairobi, ikaenda kwa watu wasiojua Kiswahili wala Kilao. Wakaanza kuuliza: huu ni mji gani? Ni mtaa upi? Mtu anafikia wapi?

Na mimi nikawajibu. Hapo hapakuwa na Sista Njeri wa kunisukuma. Nilikaa sebuleni kwangu, miwani puani, nikaandika jina la mji, jina la kichochoro na jina la nyumba ya wageni, kwa kila aliyeuliza. Nilijiona wakala hodari. Enzi za Khamla mteja alitafutwa kwa faksi na subira. Mimi niliwapata kwa kidole kimoja.

Msimu uliofuata walikuja. Walikuja na mawakala wengine, na ngoma, na vijiti vya kushikia simu. Pembeni mwa njia wakajitokeza wachuuzi wa wali uliopoa kwenye mifuko, kwa wageni waliotaka kutoa na kupigwa picha wakitoa. Watu walitembea mbele ya watawa kinyumenyume. Biashara ya Bi Noi haikuwahi kuwa nzuri kama mwaka ule, vyumba vyake vinane vilijaa watu waliokuja kutazama utulivu. Na mimi, jumuiya yetu iliniita ukumbini hapa Auburn ikanipa cheti chenye fremu kwa kuitangaza Afrika katika mashariki ya mbali. Khamla alikuja. Alipiga makofi, akala pilau, akasifu pilau.

Wazee wa hekalu walikaa, wakahamisha njia ya watawa. Siku hizi hupita nyuma ya soko, kwenye mlima. Bi Noi alikuwa na magoti mabaya kuliko yangu. Mlima ule hakuuweza. Nilisikia kwa dereva kwamba aliendelea kutandika mkeka mlangoni kwa wiki kadhaa, akakaa na kikapu chake, watalii wakampiga picha, kisha akaukunja.

Nilikwenda kwa Khamla. Nilipanda ngazi zile nikiwa na hotuba nzima ya kuomba radhi, kwa Kiingereza changu chote. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akanimiminia chai.

"Si neno," akasema. "Wateja walifurahi. Kazi ni kazi, Bwana Yohana."

Yohana ndilo jina langu. Sikuwahi kulisikia kinywani mwake kabla ya siku hiyo.

Hakunigombeza. Hakunifukuza kazi, nilistaafu mwenyewe, kwa magoti, naye akaniandalia chakula cha kuniaga. Ofisi sasa ni saluni ya kucha. Bado napanda treni kwenda Cabramatta, tunakaa kwenye benchi la uwanja wa maduka, ananiuliza habari za afya, namuuliza za kwake. Nikigusia mto, ananiuliza kama nimekunywa chai. Nawashauri vijana: mtu akikugombeza baada ya kosa, mshukuru, bado mko pamoja.

Mwaka jana nilikaa wiki tatu bila kumwona. Nilidhani anaumwa. Muuza supu ya tambi, yule jirani wa ofisi ya zamani, ndiye aliyeniuliza kama nimeshampa pole Khamla kwa msiba wa dada yake. Alikuwa amekwenda kumzika na amekwisha kurudi. Wateja wake wa zamani walijulishwa. Mwenye duka la vitambaa alijulishwa, akachanga.

Nilimkuta kwenye benchi.

"Kaka, mbona hukuniambia?"

Akasogea, akanipa nafasi ya kukaa. "Sikutaka kukusumbua, Bwana Yohana."

Basi hesabu ya maneno yangu matano ndiyo hii, niiandike bila kuipamba. Bi Noi alikufa bila kurudishiwa asubuhi zake, na kwa miaka ile ya mwisho hapakuwa na mtu aliyemtaja Khamla mlangoni kunapopambazuka. Na mimi, katika nchi hii nzima nilikuwa na kaka mmoja, nikampoteza kwa kuogopa kuwaambia wateja hapana.